Acheni Kumcheka Anayelipa Akipokea

Leo sikuja na somo la programu. Nimekuja na hasira, na sehemu ya hasira hiyo inanihusu mimi mwenyewe.

Wiki tatu zilizopita shangazi yangu alinipigia simu kutoka Malindi. Shangazi anauza maji baridi na barafu karibu na steji ya matatu, na kwa miezi minane alikuwa akiweka akiba ya kununua friza. Akaiona kwenye duka moja la mtandaoni, shilingi 23,500, bei ambayo madukani pale mjini huipati. Akalipa kwa M-Pesa. Akaambiwa mzigo utafika baada ya siku mbili. Siku ya tatu simu ya duka ikawa imezimwa. Siku ya nne tovuti yenyewe haifunguki.

"Mwanangu," akaniambia, "lile kufuli ulilonifundisha nililiangalia. Lilikuwepo."

Nikakosa la kusema. Maana ni kweli, mimi ndiye niliyemfundisha. Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa na shahada yangu mpya ya sayansi ya kompyuta na mdomo mrefu, nilimkalisha nikamwambia: Shangazi, ukiona kufuli juu ya kivinjari, duka ni salama. Simu yake ni ya zamani, kivinjari chake bado kinaonyesha kufuli hilo. Alifanya nilivyomwambia, na akaibiwa.

Kwa wale wasiojua, kufuli lile maana yake ni moja tu: mawasiliano kati ya simu yako na seva ya tovuti yamefichwa, mtu wa katikati hawezi kuyasoma. Halisemi lolote kuhusu mwenye seva. Ni sawa na kuingia kwenye gari lenye vioo vyeusi: wa nje hakuoni, lakini dereva anaweza kuwa jambazi. Zamani cheti cha HTTPS kilikuwa cha kununua. Tangu Desemba 2015 Let's Encrypt wanakitoa bure kwa umma, jambo jema kabisa, lakini tapeli naye anakipata bure kwa dakika chache kama mimi na wewe. Google wenyewe walisema utafiti wao wa 2021 ulionyesha kwamba asilimia 11 tu ya walioulizwa ndio walioelewa sawasawa maana ya kufuli hilo, na mwaka 2023 wakaliondoa kwenye Chrome. Na bado sisi wataalamu tunazunguka na ushauri uleule: "Angalia kufuli!"

Ushauri wa pili tunaoupenda ni ule ulioandikiwa watu wa kwingine. Uingereza, sheria ya mikopo ya wateja ya mwaka 1974, kifungu cha 75, inasema ukinunua kitu cha zaidi ya pauni 100 hadi 30,000 kwa kadi ya mkopo na muuzaji akakutapeli, kampuni ya kadi inawajibika pamoja naye. Marekani nako mwenye kadi ana haki ya kupinga malipo ya bidhaa ambayo haikufika. Kwa hiyo Mwingereza akiambiwa "lipa kwanza, usiogope", nyuma yake kuna ukuta. Shangazi yangu nyuma yake kuna nini? Pesa ya M-Pesa ikitoka imetoka, na anayeipokea anaweza kuitoa kwa wakala kabla hujamaliza kusoma arafa. Ile nambari 456 ya kuomba pesa irudishwe iliwekwa kwa ajili ya pesa zilizotumwa kimakosa, si kwa ajili ya kuamua ugomvi wa mnunuzi na muuzaji.

Sasa nifike kwenye jambo linalonikera hasa. Katika fani yetu kuna mzaha unaopendwa sana: kwamba Mkenya anayesisitiza kulipa akipokea mzigo ni mshamba, haamini teknolojia, anaturudisha nyuma. Nimeusikia kwenye mikutano ya wasanidi programu, nimeusikia ofisini, na nikiri wazi, nimewahi kuucheka.

Jamani, mshamba ni nani? Nenda Luthuli Avenue ununue televisheni. Muuzaji ataichomeka kwenye umeme, utaiona inawaka, utasikia sauti, ndipo utoe pesa. Nenda Gikomba uone kama kuna mtu analipia suruali kabla ya kuinyoosha na kutazama zipu. Huo si ushamba, hiyo ni akili ya soko. Mtu huyohuyo akihamia mtandaoni tunataka aiache akili yake mlangoni, atume pesa kwa mtu asiyemjua, kwa kitu alichokiona kwenye picha.

Wala si tabia ya Waafrika peke yao. Posta ya Marekani ilianza huduma ya kulipia mzigo unapofika mwaka 1913. India, Flipkart waliianzisha mwaka 2010, na watu waliokuwa hawana kadi au hawaamini maduka ya mtandaoni wakaanza kununua. Uchina, Taobao ilipokwama kwa sababu mnunuzi na muuzaji hawakuaminiana, walibuni Alipay mwaka 2004: mnunuzi analipa, pesa inashikiliwa katikati, muuzaji haipati mpaka mnunuzi aseme mzigo umefika. Hao hawakuwacheka wateja wao. Walichukua woga wa mteja wakaujengea mfumo.

Najua wafanyabiashara watanijibu, na jibu lao lina uzito. Watasema: tunatuma boda boda mpaka Rongai, mteja hashiki simu, au anasema amebadili nia, na gharama inabaki kwetu. Ni kweli. Mwaka jana mteja wangu mmoja mwenye duka la vyombo alinilalamikia hayohayo, akaniomba niondoe chaguo la kulipa ukipokea kwenye tovuti yake. Nikaliondoa kwa mistari sita ya msimbo, nikatuma ankara, nikaenda kunywa chai. Sikumuuliza swali hata moja. Mteja wangu yule ni mwaminifu, lakini kila duka aminifu linalofunga mlango huo linamzoesha mnunuzi kuona kwamba kulipa kabla ni kawaida. Zamani kuombwa pesa yote kabla kulikuwa ishara ya hatari. Tukilifanya kuwa desturi ya kila duka, tapeli hana tena kinachomtofautisha. Yule aliyemwibia shangazi hakuhitaji kuwa mjanja. Sisi tulikuwa tumeshamtengenezea njia.

Hasara ya boda boda ina dawa isiyomvua mteja nguo. Chukua kwanza nauli ya mzigo peke yake, tuseme shilingi 300, bei ya bidhaa ilipwe mlangoni. Mteja akigeuka, nauli imelipwa. Mwizi naye akitokea, mteja amepoteza 300, si 23,500. Na kwa maduka makubwa, mfumo wa kushikilia pesa katikati unawezekana. Daraja, ile njia ya programu zetu kuzungumza na M-Pesa, ipo tangu 2017. Kazi ya malipo iko chini ya Benki Kuu kwa sheria ya mwaka 2011, kwa hiyo usianze kuweka pesa za watu mfukoni mwako. Shirikiana na kampuni yenye leseni. Lakini usiniambie haiwezekani.

Kwako msomaji unayenunua, futa ule ushauri wangu wa kufuli na ushike huu:

1. Lipa ukipokea, na ukague kabla ya kulipa. Fungua sanduku, chomeka, washa. Mwenye boda boda akikuharakisha, mwambie arudi na mzigo.

2. Duka likikataa, toa nauli tu. Likidai pesa yote kabla na hulijui, achana nalo, hata bei iwe tamu vipi. Bei ya kutupa ndiyo chambo chenyewe.

3. Soma jina kabla ya kukubali malipo. M-Pesa inakuonyesha jina la anayepokea. Duka linajiita hivi na jina ni la mtu binafsi? Shangazi aliliona jina, akauliza, akaambiwa "huyo ni mhasibu wetu". Simama hapohapo.

4. Usihesabu wafuasi wala sifa zilizoandikwa chini ya picha. Vyote hununuliwa. Uliza duka liko mtaa gani, jengo gani, kisha umtume mtu akalitazame.

5. Namba ya siri ni yako peke yako. Ujumbe ukichomoza kwenye simu ukiiomba na hukuwa unalipa kitu wakati huo, ufunge. Anayekupigia na kuitaka ni mwizi, hata akikutaja kwa majina yako matatu.

6. Ukiibiwa, piga simu M-Pesa mara moja, kisha nenda kituo cha polisi uandikishe ripoti upewe nambari ya OB. Tunza arafa na picha za mazungumzo. Sheria ya makosa ya kompyuta ya mwaka 2018 inamhusu mtu huyo. Usikae kimya kwa aibu.

Na kwenu wasanidi wenzangu: Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji na bidhaa za ubora unaofaa. Sheria ya kuwalinda watumiaji ya mwaka 2012 inagusa hata mikataba ya intaneti. Lakini kabla ya sheria kufika mahakamani, inapita kwenye vidole vyetu. Sisi ndio tunaoamua kitufe kipi kiwe kikubwa, kipi kifichwe, kipi kifutwe. Tukimcheka mteja mwangalifu, tunamcheka mtu wa pekee katika mfumo mzima anayefanya kazi ya usalama sawasawa.

Juzi nimemrudia yule mteja wangu wa vyombo nikamweleza haya yote. Amekubali turudishe malipo ya mlangoni, nauli ikitangulia. Kazi hiyo sikumtoza. Shangazi naye ripoti ameandikisha, pesa hajaziona, na ameanza kuweka akiba upya, mara hii mimi nikichangia nusu. Friza tutakwenda kuinunua pamoja, dukani, na haitatoka pale kabla haijachomekwa ikanguruma.

Haya, nawaachia hapo. Anayebisha abishe, ila asiniambie habari za kufuli.