Cha Rahisi Ghali: Mwanafunzi wa Iftin na Sweta la Sufu

Wahenga walilonga kwamba cha rahisi ghali. Methali hii hufunzwa madarasani, hutungiwa insha na kusahihishwa kwa wino mwekundu, kisha husahaulika punde tu mwanafunzi anaposimama mbele ya meza ya muuza nguo. Makala haya yanadhamiria kuitoa methali hiyo darasani na kuipeleka sokoni. Dai langu ni moja: mwanafunzi mwenye fedha chache ndiye anayepaswa zaidi kuvaa sufu bora, hata ile ya kashmiri inayodhaniwa kuwa vazi la matajiri pekee, na anaweza kuipata kwa kadiri ya uwezo wake endapo atajifunza kuitambua.

Huenda msomaji akauliza, sweta na Iftin wapi na wapi? Iftin ni mtaa wa mji wa Garissa, mji ulio kando ya Mto Tana kwenye mwinuko usiofika mita 200 juu ya usawa wa bahari. Joto la mchana huko hupita nyuzi 30 karibu mwaka mzima, na mtu hutafuta kivuli cha mwarobaini kabla ya kutafuta nguo nzito. Hata hivyo, kijana wa Iftin hasomi Iftin milele. Matokeo ya mtihani wa kitaifa yanapotangazwa, huenda akajipata ameitwa Kesses, Njoro, Nyeri au Limuru. Mji wa Eldoret uko kwenye mwinuko wa takriban mita 2,100, na usiku wa mwezi wa Julai kipimajoto hushuka hadi nyuzi 10 au chini ya hapo. Kijana aliyezoea kulala uani chini ya chandarua sasa analala chini ya blanketi moja jembamba, na alfajiri anatakiwa awe kwenye ukumbi wa mihadhara akiwa na akili timamu.

Mwanafunzi huyu hufanya nini? Aghalabu hununua sweta la kwanza linalomjia machoni, jipya, lenye rangi za kumeremeta, lililofumwa kwa uzi wa akriliki. Wiki ya kwanza hulifurahia. Mwezi wa pili viwiko vimelegea, mikono imerefuka kupita vidole, na kifuani pamejaa vifundo kama ngozi ya kanga. Baridi nayo haijaondoka. Muhula unaofuata hununua lingine, kisha lingine. Tuchukue mfano wa hesabu rahisi. Anayenunua sweta la shilingi 300 kila muhula, kwa mihula miwili kwa mwaka na miaka minne ya masomo, atakuwa ametumia shilingi 2,400 na bado atahitimu akitetemeka. Aliyetoa shilingi 900 mara moja kwa sweta la sufu lililo imara atahitimu nalo, na pengine amrithishe mdogo wake. Kwa mtu anayesubiri mkopo wa HELB huku akikopa chakula kibandani, tofauti hiyo ya shilingi 1,500 si mzaha.

Ili tuelewane, yafaa tueleze istilahi zetu. Sufu ni manyoya ya kondoo, na kwa kupanua maana, manyoya laini ya wanyama wengine yanayosokotwa kuwa uzi. Neno hili tulilipokea kutoka Kiarabu, na tusilichanganye na sufi, ile pamba ya mti wa msufi inayojazwa mitoni na kwenye magodoro. Akriliki ni uzi unaotengenezwa viwandani kutokana na kemikali za mafuta ya petroli. Huiga sura ya sufu, lakini haina tabia zake. Unywele wa sufu umejikunja kiasili, na mikunjo hiyo hunasa hewa inayoukinga mwili dhidi ya baridi. Aidha, sufu hunyonya unyevu mwingi kabla haijahisika kuwa mbichi, sifa inayofaa sana katika nyanda za juu ambako manyunyu ya alasiri ni jambo la kawaida.

Kashmiri ndiyo daraja ya juu ya jamii hii. Ilipata jina lake kutokana na eneo la Kashmir, ambako shali zake zilisifika zamani, ingawa leo sehemu kubwa hutoka Uchina na Mongolia. Na hapa ndipo msomaji wa Garissa anapopaswa kutega sikio, kwa maana kashmiri haitoki kwa kondoo. Hutoka kwa mbuzi. Mbuzi wa nyanda zile za baridi kali huota tabaka mbili za manyoya: la juu gumu na refu, la chini laini mno. Majira ya kuchipua yanapofika, mfugaji huwachana kwa kitana na kukusanya lile la chini. Unywele wake hauzidi kwa kawaida unene wa maikroni 19, na maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Mbuzi mmoja hutoa gramu 200 hivi au pungufu kwa mwaka, kwa hiyo sweta moja huhitaji mbuzi 3 au 4. Hiyo ndiyo sababu ya bei yake.

Soko la mifugo la Garissa ni miongoni mwa masoko makubwa katika eneo hili la Afrika, na mbuzi weupe wa huko wanajulikana kote Kaskazini. Lakini mbuzi hao hawana kashmiri, wala kondoo wetu wenye vichwa vyeusi hawana sufu, kwa kuwa Mola amewavika nywele fupi zinazolingana na jua la nyumbani. Ndiposa wana wa wafugaji wanalazimika kununua manyoya ya mifugo ya wengine. Si aibu. Lakini ajabu ni kwamba kijana anayeweza kumtazama mbuzi akiwa mbali na kukisia umri na uzito wake hana maarifa yoyote ya kukadiria vazi lililotokana na mbuzi huyo huyo.

Sufu bora hupatikana wapi kwa bei nafuu? Jibu langu ni mitumba. Tangu biashara hiyo ilipofunguliwa katika miaka ya 1990, marobota kutoka Ulaya, Marekani na Asia yamekuwa yakishuka Mombasa na kufika Gikomba jijini Nairobi, kisha yakasambaa hadi kwenye masoko ya Garissa. Ndani yake hupatikana masweta ambayo wenyewe waliyaacha kwa sababu ya mtindo kupitwa na wakati, ilhali uzi ungali mzima. Wauzaji wa Gikomba huita nguo teule za robota kamera, na masalio huyaita fagia. Kamera huenda kwa wenye maduka mapema asubuhi. Lakini muuzaji huchambua kwa macho ya haraka, akitazama rangi na mtindo. Sweta la kijivu lisilo na nakshi, hata likiwa la kashmiri tupu, huenda likatupwa kwenye rundo la chini. Kizuri chajiuza, waliambiwa wahenga na wahenga wenzao. Lakini kizuri hicho hujiuza kwa mwenye kukijua tu.

Wakati pia una maana yake. Bei za masweta hupanda Juni na Julai kila mtu anapotetemeka, na hushuka kati ya Desemba na Februari jua linapowaka. Mwanafunzi aliye likizoni Garissa ana nafasi njema zaidi, kwa kuwa bidhaa ambayo majirani hawaihitaji huuzwa kwa bei ya kuiondoa mezani. Anunue akiwa nyumbani wakati wa joto, asingoje mpaka baridi ya Kesses imfundishe.

Zifuatazo ni dalili za kumwongoza. Kwanza, asome kitambaa kidogo kilichoshonwa ndani ya ukosi au ubavuni. Kwa Kiingereza kashmiri huandikwa cashmere, kwa Kifaransa cachemire, kwa Kijerumani Kaschmir. Sufu ya kawaida huandikwa wool, laine au Wolle. Atazame asilimia, kwa sababu sweta lenye kashmiri asilimia 5 na nailoni iliyosalia limeazima jina tu. Pili, alipitishe shingoni au upande wa ndani wa kifundo cha mkono, ambako ngozi haidanganyiki. Tatu, aliinue kwenye mwanga. Mfumo uliobanana ni dalili ya uimara. Ukiona uso wa muuzaji kupitia kifuani mwa sweta, liache. Nne, avute kidogo ukingo wa mkono na kuuachilia. Uzi wenye afya hurudi mahali pake. Tano, akague makwapa na viwiko, na atafute matundu madogo ya nondo. Vifundo vichache ubavuni ni kawaida hata kwa kashmiri njema na huondolewa kwa wembe kwa uangalifu, ila sweta lililogandamana na kuwa gumu kama zulia limekwisha kuharibiwa na maji moto, wala haliponi.

Kama kitambaa hicho cha maelezo kimekatwa, ipo njia ya mwisho. Amwombe muuzaji auzi mmoja unaoning'inia kwenye mshono wa ndani, kisha auchome kando ya nguo. Sufu na kashmiri hunuka nywele zilizoungua na kuacha jivu linalopondeka kwa vidole. Akriliki huyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Pamba hunuka karatasi iliyoungua. Hakuna anayehitaji maabara ya chuo kwa jaribio hili.

Kununua peke yake hakutoshi, kwa maana sufu huuawa zaidi na dobi kuliko na miaka. Ifuliwe kwa maji baridi na sabuni laini, hata ile ya nywele, kwani nayo ni nywele. Isisuguliwe wala kukamuliwa kwa kusokotwa; ibanwe ndani ya taulo, kisha itandazwe kivulini ikiwa bapa. Kuianika kwenye kamba huirefusha. Mwanafunzi anaporudi Garissa kwa likizo ndefu, aifue kwanza, maana nondo hupenda nguo yenye jasho na mafuta ya mwili, kisha aikunje na kuifunga kwenye mfuko usiopitisha hewa.

Sasa nizikabili hoja za wanaopinga. Wapo wanaosema kwamba mitumba ni nguo za watu wasiojulikana na kwamba kuzivaa ni kujidhalilisha. Mintarafu ya usafi, nguo ikishafuliwa ikatoharika ni nguo kama nyingine. Mintarafu ya heshima, sioni ni heshima gani iliyomo katika sweta jipya lililoraruka kabla ya mtihani wa kwanza. Wapo pia wanaosema kwamba mitumba iliua viwanda vyetu. Hoja hii ni nzito na haifai kupuuzwa. Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikusudia kuikomesha mitumba kufikia mwaka 2019. Kenya ililegeza msimamo mwaka 2017, na Rwanda iliyoshikilia uamuzi huo ikasimamishiwa na Marekani nafuu za AGOA kwa nguo zake mwaka 2018. Mwananchi mwenye uzalendo ana haki ya kusononeka. Hata hivyo, kiwanda kama Rivatex cha Eldoret, kilichonunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007, ni kiwanda cha pamba. Basi tununue shati la pamba lililofumwa nchini kila tunapoweza. Kashmiri haizalishwi hapa, na anayeinunua mtumbani hamnyimi mkulima yeyote wa Kenya riziki yake.

Wapo hatimaye wanaoona kwamba maskini kuzungumzia kashmiri ni majivuno. Hao nawakumbusha kwamba biashara ya nguo nafuu jijini Nairobi ina alama ya mikono ya Wasomali. Mapema katika miaka ya 1990, nyumba ya wageni ya Garissa Lodge mtaani Eastleigh iligeuzwa kuwa maduka, na mtindo huo ukaenea mpaka mtaa mzima ukawa soko. Waliolianzisha soko hilo hawakuwa matajiri. Wengi walikuwa wakimbizi waliojua thamani ya kitu kabla ya kujua bei yake. Kujua thamani si majivuno.

Lipo pia jambo ambalo mfugaji wa Kaskazini Mashariki analielewa kuliko mnunuzi wa London. Tamaa ya ulimwengu ya kashmiri nafuu imewafanya wafugaji wa Mongolia kuongeza mbuzi tangu miaka ya 1990, na malisho yakachakaa. Wao wana janga lao liitwalo dzud, majira ya baridi kali yanayoua mifugo kwa mamilioni, kama ilivyotokea mwaka 2010. Sisi tunao ukame, na ule wa 2020 hadi 2023 uliteketeza zaidi ya mifugo milioni 2 nchini Kenya. Anayevaa sweta lililokwisha kufumwa miaka 15 iliyopita haongezi mbuzi hata mmoja kwenye nyika iliyochoka. Anamheshimu mbuzi aliyekwisha kuchanwa na mfugaji aliyemchana.

Kwa hivyo, ewe mwanafunzi wa Iftin, barua ya kuitwa chuoni ikifika, usikimbilie sweta linalong'aa. Ingia kwenye rundo kwa macho yale yale ambayo babu yako huyatumia sokoni kuchagua mbuzi: mfungue mdomo, mpapase mbavu, mtazame miguu, kisha ndipo ulizia bei. Nunua moja lililo jema, litunze, na fedha iliyosalia ununue vitabu.