Baiskeli ya Mshindi ni ya Nani?

Tairi la baiskeli yako likipasuka, unatafuta gundi na kiraka. Mnyororo ukikatika, unatoa fedha mfukoni. Je, watu ambao kazi yao ni mbio za baiskeli hununua wapi?

Hawanunui. Mwaka 2024 Biniam Girmay wa Eritrea alishinda siku tatu katika mbio kubwa za Ufaransa, Tour de France. Baiskeli yake ilitoka Cube, kiwanda cha Ujerumani. Timu yake ndiyo iliyomlipa mshahara. Makampuni yaliyoisaidia timu yaliandikwa majina kwenye fulana yake.

Kiwanda hakitoi sadaka. Baiskeli za namna hiyo huweza kupita dola 10,000 dukani. Watu wakimwona mshindi, hutamani kama yake. Kwa hiyo mwendeshaji hachagui. Hupanda aliyopewa, apende asipende.

Zamani ilikuwa taabu. Mwaka 1913, katika mbio hizo hizo, uma wa mbele wa baiskeli ya Eugène Christophe ulivunjika mlimani. Aliibeba zaidi ya kilomita 10 mpaka kwa mhunzi. Akaufua uma mwenyewe, maana msaada ulikatazwa. Kijana mmoja alimvukutia moto tu, na Christophe akaadhibiwa! Leo gari la timu hufuata nyuma na baiskeli za akiba.

Taabu imebaki kwa kijana asiye na timu. Bila ushindi hapewi baiskeli nzuri. Na bila baiskeli nzuri, atashindaje?