Nyama Si Kipimo cha Heshima

Mkazi wa Mji wa Kale wa Mombasa akitaka kujua jirani yake amepika nini, hana haja ya kubisha hodi. Vichochoro ni vyembamba, na harufu haizuiwi na mlango. Siku ya harusi hutawala harufu ya pilau na biriani. Asubuhi ya siku yoyote hutawala harufu ya mahamri na mbaazi za nazi. Vyakula vyote hivi ni vitamu, na vyote ni vyetu. Walakini havipewi heshima sawa. Aliyekula nyama hupenda kujulikana, aliyekula kunde akiulizwa hujibu, "Nimekula hivyo hivyo tu." Maneno hayo machache yana udhalimu ndani yake, nami nakusudia kuyapinga.

Vijana wengi huuliza kama yafaa mtu kuacha nyama na kuishi kwa nafaka, kunde, mboga na matunda. Wako wanaowajibu kwa kicheko, wakisema kuwa mtu si mbuzi hata ale majani. Wako wanaowajibu kwa ukali, wakisema kuwa kila mla nyama ni katili. Kicheko si hoja, na ukali si ushahidi. Jambo lenye pande mbili hupimwa kwa mizani yenye sahani mbili.

Swali la kwanza ni kama jambo lenyewe lawezekana. Jibu lake liko karibu. Katika barabara ya Langoni limesimama hekalu la Wajaini lililojengwa mwaka 1963. Wajaini hufundishwa kutodhuru kiumbe chenye uhai. Kwa hiyo hawali nyama, wala samaki, wala mayai. Na walioshika sana mafundisho hayo hawagusi hata vitunguu na viazi, kwa kuwa kuving'oa ni kuua mmea mzima pamoja na vijidudu vya udongoni. Watu hawa wamezaa, wamelea, wamefanya biashara na kuzeeka katika kisiwa hiki hiki, chini ya jua hili hili. Asemaye kuwa mwili hauwezi kusimama bila nyama hana budi kutueleza wao wamesimamaje. Lakini tuangalie pia kuwa wengi wao hawakuacha maziwa. Jambo hilo lina maana yake, nasi tutalirudia.

Sasa tutie faida katika sahani ya kwanza. Faida iliyo karibu ni ya mfuko. Kwa bei ya kilo moja ya nyama ya ng'ombe, mama aingiaye Marikiti aweza kutoka na zaidi ya kilo mbili za mbaazi kavu. Chakula hicho si cha kudanganya tumbo. Katika gramu 100 za mbaazi kavu mna kiasi cha gramu 21 za protini, yaani kile kijengacho mwili. Kweli, mbaazi zikichemshwa hunywa maji mengi, na kwa hiyo sahani ya mbaazi haitoshani na sahani ya nyama. Lakini mbaazi zikiliwa pamoja na wali au mahamri, upungufu wa protini ya kimoja hutimizwa na kingine. Bibi zetu walivikutanisha vyakula hivi kabla ya sayansi kueleza sababu.

Faida ya pili ni ya afya. Mwaka 2015 idara ya Shirika la Afya Duniani inayochunguza saratani ilitangaza kuwa nyama za viwandani, kama vile soseji, husababisha saratani ya utumbo mpana, na kuwa nyama nyekundu yamkini huisababisha pia. Ilieleza kwamba kila gramu 50 za nyama ya viwandani zinazoliwa kila siku huongeza hatari hiyo kwa kiasi cha asilimia 18. Faida ya tatu ni ya viumbe na ya dunia. Mnyama huhisi maumivu kama sisi. Tena, mwaka 2013 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikadiria kuwa asilimia 14.5 ya hewa zinazotokana na kazi za wanadamu na kuipasha dunia joto hutoka katika ufugaji. Bahari ikipanda kwa sababu ya joto hilo, itawafikia watu wa visiwani kabla ya watu wa milimani.

Nimekwisha kusema faida. Haki yataka niseme na hasara bila kuzifunika. Kubwa kati yake ni upungufu wa vitamini B12. Vitamini hii hutengeneza damu na kulinda mishipa ya fahamu, wala hakuna mboga wala kunde inayoweza kutegemewa kuileta. Mwili huweka akiba yake kwa muda mrefu, hata mtu aweza kudhani kwa miaka kuwa yu salama, ilhali akiba yaisha. Hapa ndipo maziwa ya Wajaini yanapopata maana: mlaji wa mboga anywaye maziwa au alaye mayai ana njia ya kuipata. Aachaye na hivyo vyote hana budi kutumia vidonge au chakula kilichotiwa vitamini hiyo. Asiyeweza kuvipata asijihatarishe.

Hasara ya pili ni ya madini ya chuma, na wasichana waisikilize zaidi, maana wao hupoteza damu kila mwezi. Chuma kimo katika mchicha, kunde na pojo, lakini mwili hukipokea kwa shida kuliko kile cha nyama. Tena desturi yetu ya kunywa chai pamoja na mbaazi huzidisha shida hiyo, kwa kuwa chai huzuia chuma kisiingie mwilini. Dawa yake si ghali: kunywa chai baada ya saa moja au mbili, na kukamulia ndimu juu ya chakula, au kula embe au chungwa baada yake.

Hasara ya tatu ni ya kujidanganya. Mtu aweza kuacha nyama akashinda na viazi vya karai, bajia, kachiri na soda. Hivyo vyote havina nyama, na havimwachi salama. Baada ya muda hunenepa, hulegea, kisha hulaumu mboga. Wahenga walikwisha kumjibu waliposema: mbaazi ukikosa maua husingizia jua.

Yako pia mambo yasiyo ya mwili wa mtu mmoja. Mbuzi na ng'ombe wengi hutoka nyika kavu ambako mahindi hayastawi. Mnyama wa huko hugeuza majani asiyoweza kuyala mtu kuwa maziwa na nyama. Wafugaji wa kaskazini mwa Kenya walipokosa mvua misimu mitano mfululizo, tangu mwisho wa mwaka 2020 hadi mwisho wa 2022, mifugo yao ilikufa kwa wingi na watu wakaona njaa. Kumhubiria mtu kama huyo kuacha nyama ni kutomjua. Vivyo hivyo mvuvi aletaye samaki wake Bandari ya Kale halishi tamaa ya mtu. Alisha watoto wake. Mwenye njaa hana miiko, na asiye na la kuchagua hastahili lawama ya mwenye kuchagua.

Hata dini yafaa kutajwa, maana Waislamu ni wengi katika mji huu. Nyama iliyochinjwa kwa sheria ni halali, na katika Idi ya kuchinja fungu lake humfikia maskini. Lakini kilicho halali hakikufanywa faradhi ya kila siku. Kuacha kula ni jambo moja. Kuharimisha ni jambo jingine. Kijana aweza kufanya la kwanza pasipo kutenda la pili, na mwenyeji wake aweza kumkubalia pasipo kuona ametukanwa.

Mizani yasemaje basi? Yasema kuwa mtu mwenye elimu na nafasi aweza kuacha nyama akaishi vema, na kuwa mtu asiye na elimu aweza kujidhuru akiiacha, kama vile aweza kujidhuru akiila kupita kiasi. Adui yetu, kwa hiyo, si nyama wala si mboga. Adui ni kiburi kilichoifanya nyama kuwa kipimo cha heshima. Kiburi hicho humfanya baba kukopa ili wageni wa harusi wasiseme kuwa nyama ilikuwa chache, kisha mla mbuzi hulipa ng'ombe. Kiburi hicho humfanya mwanafunzi kufunika bakuli lake la maharage kwa kiganja wenzake wanapopita. Kiburi hicho humfanya mama mwenye mchicha na mnavu mlangoni kuona aibu kumkaribisha jirani. Mtu hakosi utu kwa kukosa nyama. Hukosa utu kwa kumcheka aliyeikosa.

Nami nawashauri vijana wasomaji hivi. Anayeiacha nyama aiache kwa ujuzi, wala asijione mtakatifu. Anayeila aile kwa kiasi, wala asijione bwana. Na wote wawili warudishe kunde, pojo, kisamvu na mbaazi mahali pake katika sinia, mbele ya wageni, bila kuomba radhi. Siku utakapoulizwa umekula nini, nawe umekula kunde, usiseme umekula hivyo hivyo tu. Sema, "Nimekula kunde, nami nimeshiba."