Sulhu Kabla ya Mnada



Wasomaji wetu wapendwa, juma lililopita, baada ya sala ya Alasiri, alitujia mama mmoja wa hapa Tudor na bahasha mkononi. Ndani yake mlikuwa na ilani ya benki: zipite siku 40, kisha nyumba iuzwe. Ilani ya kwanza, ile ya miezi 3, mumewe aliificha kabatini kwa haya. Mama akatuuliza: je, Kadhi hawezi kuizuia benki?

Jibu letu halikumfurahisha. Kifungu cha 170 cha Katiba ya mwaka 2010 kimempa Kadhi hali ya mtu binafsi, ndoa, talaka na mirathi, basi. Mzozo wa benki, hata benki yenyewe ikiwa ya Kiislamu, huamuliwa na mahakama za kawaida, kwa sheria ya nchi na kwa mkataba uliotiwa saini.

Lakini uko mlango mwingine, nao ni sulhu. Kifungu cha 159 cha Katiba hiyohiyo kinazitaka mahakama ziendeleze upatanishi, na tangu mwaka 2016 Mahakama ya Kenya ina mpango wa kukabidhi baadhi ya kesi kwa wapatanishi. Mpatanishi hahukumu, huwasaidia wagombanao kufika kwenye neno moja. Wala si lazima kungoja kesi. Mwenye deni aweza kuiomba benki kikao tangu ilani ya kwanza. Na hapo mezani, tofauti na kizimbani, sharia yetu huingia kwa kuridhiana.

Jambo hili si geni kwetu. Kaab bin Malik (R.A.) alimdai Ibn Abi Hadrad deni lake msikitini Madina, hata sauti zao zikamfikia Mtume (S.A.W.) nyumbani kwake. Akafunua pazia, akamwashiria Kaab apunguze nusu. Kaab aliporidhika, Mtume akamwamrisha mdaiwa ainuke akalipe. Tuzingatie: mdai alisamehe, na mdaiwa naye hakuachwa akae.

Basi mwenye kwenda kwenye sulhu na ajue la kuomba. Kwa benki ya kawaida, aombe muda na asamehewe faini na riba. Asikubali deni liandikwe upya ili riba izae riba. Kwa benki ya Kiislamu, bei ya murabaha ikishafungwa haiongezwi kwa kuchelewa, kwani kuuza muda ndiyo riba yenyewe. Aya ya 280 ya Suratul Baqara yamtaka mdai ampe nafasi aliye katika dhiki. Ama mwenye uwezo anayekawiza, huyo ni dhalimu. Achukue mkataba, risiti zote, na kiwango anachoweza kukilipa kweli kila mwezi. Ahadi isiyotimizika ni deni la pili.

Na kwenu kina mama: Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 haikubali nyumba ya ndoa iwekwe rehani pasi na ridhaa ya mke au mume mwenziwe. Saini yako ina uzito, basi usiitie usipopasoma. Na kama hukuulizwa kabisa, mwone wakili mapema, kabla dalali hajagonga mlango.

Mama yule na mumewe walikwenda benki siku ya pili, wakiwa na wakili. Benki imekubali kukaa nao, ila neno la mwisho halijapatikana, na siku zilizobaki ni 26. Lau wangalikwenda ilani ya kwanza ilipofika, wangalikuwa na zaidi ya miezi 4 ya kuzungumza. Wahenga walisema, mficha maradhi, kifo humuumbua. Deni si aibu ya kuwafichana mume na mke. Aibu ni watoto kujua habari zake siku ya mnada.

Tuwaombee dua ndugu zetu hawa, na kila mwenye deni Mwenyezi Mungu amfanyie wepesi. Amin.

Wabillahi tawfiq.