Weka Jina Lako: Somo la Miaka 400 Kutoka Madrid

Kuna masomo ambayo ukitaja mbele ya wasee lazima mtu aulize, "Sasa hiyo italeta doo gani?" Utafiti wa tamthilia za Uhispania za karne ya 16 na 17 uko juu kabisa kwa hiyo orodha. Mtu mzima na digrii zake anakaa maktaba miaka nenda miaka rudi, anahesabu mistari ya mashairi ya watu waliokufa kitambo. Mimi nasema hivi: kama unarekodi video, unaandika skiti, unachora ama unatoa ngoma na kuposti, hao watafiti ni watu wako. Wanapigania kile kitu unakililia kila wiki. Jina.

Tuanze na Lope de Vega. Huyu jamaa alizaliwa Madrid mwaka wa 1562 na aliandika tamthilia kwa mamia. Zilizobaki mpaka leo ni zaidi ya 300. Burudani ya mjini wakati huo ilikuwa corral, yaani ua katikati ya nyumba, jukwaa upande mmoja. Wanaume wa kawaida walisimama chini mbele ya jukwaa. Wanawake walitengewa sehemu yao juu, ikaitwa cazuela, yaani chungu. Mchezo ukiboesha, watu walipiga miluzi na makelele. Ukiwa mtamu, bado baada ya siku chache walitaka mwingine. Hii njaa ya kitu kipya kila saa haikuanza na simu.

Sasa skiza vile biashara ilienda. Lope aliuza tamthilia kwa kiongozi wa kundi la waigizaji. Na cheki hii: huyo kiongozi ndiye aliitwa autor, neno ambalo leo kwa Kihispania ni mwandishi. Aliyeandika mwenyewe aliitwa mshairi tu. Ukishauza, karatasi si zako tena. Halafu kulikuwa na wajanja wenye kumbukumbu kali. Walikaa kwa watazamaji, wakaumeza mchezo, wakatoka kwenda kuuza nakala mbovu. Lope aliwalalamikia katika dibaji za vitabu vyake.

Mwaka wa 1616 alienda kortini. Francisco de Ávila alikuwa amenunua tamthilia zake kutoka kwa makundi ya waigizaji na alitaka kuzichapisha. Hoja ya Lope ilikuwa rahisi: niliuza zichezwe, sikuuza zichapishwe. Alishindwa.

Hiyo kesi ingeweza kuwa ya leo asubuhi. Mtu anasaini mkataba bila kusoma, klipu yake inaonekana kwa tangazo, akiuliza anaambiwa, "Lakini si uliuza?" Na akija kwa mitandao kulalamika, anaambiwa ashukuru amepata kuonekana. Kuonekana hakulipi kodi ya nyumba.

Lope hakukaa akilia. Kuanzia 1617 alisimamia uchapishaji wa tamthilia zake mwenyewe. Na hata kabla ya kesi, mwaka wa 1604, alikuwa ametoa orodha ya tamthilia zake, zaidi ya 200, ndio watu wasimbandike kazi zisizo zake wala kuchukua zilizo zake. Mwaka wa 1618 akaiongeza. Watafiti wanaitumia mpaka leo: mchezo ukiwa kwa orodha ya 1604, hauwezi kuwa uliandikwa baadaye. Orodha tu! Imemlinda kwa miaka 400.

Linganisha na Don Juan. Mnamjua hata kama hamjamsoma, ule mwanaume wa kudanganya wanawake halafu anatoroka. Yeye alitoka kwa tamthilia inaitwa El burlador de Sevilla, iliyochapishwa takriban mwaka wa 1630. Molière akamchukua Ufaransa mwaka wa 1665, Mozart akamwekea opera mwaka wa 1787, na mpaka sasa jina lake ni tusi na sifa kwa wakati mmoja. Lakini babake ni nani? Kitabu kilitoka na jina la Tirso de Molina, na wengi wanakubali. Wasomi wengine wanasema ni Andrés de Claramonte. Na kuna toleo lingine la hadithi hiyo hiyo lililochapishwa na jina la Calderón de la Barca, maana wachapishaji wa enzi hizo walikuwa na mazoea ya kubandika jina linalouza. Mhusika ametembea dunia nzima, na aliyemuumba bado anatafutwa.

Ndiyo maana kazi ya hao wasomi si mchezo. Mwaka wa 1940, Morley na Bruerton walitoa kitabu kilichopanga tamthilia za Lope kwa miaka. Walihesabu aina za beti alizotumia kila kipindi, bila kompyuta. Halafu mwaka wa 2023 Maktaba ya Taifa ya Uhispania ikatangaza kuwa La francesa Laura, hati iliyokuwa kwa rafu zake bila jina la mwandishi, ni ya Lope. Programu moja ilisoma mwandiko, hesabu za kompyuta zikalinganisha maneno na tamthilia za waandishi wengi, zikaelekeza kwake. Lakini Germán Vega García-Luengos na Álvaro Cuéllar, walioongoza kazi hiyo, hawakuposti matokeo wakaenda kulala. Waliusoma mchezo wenyewe, wakaangalia beti, msamiati na mawazo, ndipo wakasema ni yeye. Akili bandia ilileta fununu, watu wakaleta ushahidi. Wale mnaouliza programu kila kitu na kuamini jibu la kwanza, hapo mjichunge.

Najua kuna mtu ataniambia kila mtu hukopi, ata hao wakubwa. Ni kweli. Corneille alitoa Le Cid huko Ufaransa mwaka wa 1637 akijenga juu ya tamthilia ya Guillén de Castro, Mhispania. Watu walimshambulia vibaya. Lakini katika toleo la 1648 aliweka mistari ya Kihispania aliyoitumia, ionekane na kila msomaji. Kuazima si dhambi. Sanaa yote imeazimwa. Shida ni kuazima halafu ukajifanya ulizaliwa nayo. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

So ombi langu ni dogo. Weka orodha ya kazi zako na tarehe. Hifadhi faili za kwanza, hata zile mbaya. Soma mkataba mpaka mstari wa mwisho, na uulize unauza nini hasa: ichezwe, ama ichapishwe? Ukichukua wazo la mtu, mtaje. Na siku nyingine ukisikia mtu anasomea tamthilia za kale, usimcheke. Lope alikuwa na jina kubwa kuliko sisi wote, na bado mchezo wake ulikaa bila jina karibu miaka 400. Wewe mwenye wafuasi mia tatu, nani atakutafuta?