Daftari la wiki: Padre wa gulioni

Gulioni Ruanda, huku Mbinga, muuza maharage amevaa fulana ya mtumba, nyeusi iliyopauka, na kifuani imeandikwa kwa herufi nyeupe: EL MEJOR PADRE DEL MUNDO. Mama aliyekuwa akichambua maharage akaninong'oneza, "Huyu naye siku hizi ni padre?" Nikamwambia jamaa ana watoto watano. "Basi fulana ni ya parokia," akasema, akaendelea kutupa mawe.

*

Usiku nikaiuliza simu. "Baba bora kuliko wote duniani." Ni Kihispania. Kuna mtoto mahali fulani alimnunulia baba yake zawadi, na baba bora akaigawa.

*

Kumbe padre kwa Wahispania kwanza ni baba, huyu wa nyumbani anayeuliza chai iko wapi, kisha ndiyo kasisi. Ukisema padres unaweza kuwa umewataja baba na mama kwa pamoja: mis padres, wazazi wangu. Sasa jaribu kusema hapa Mbinga kwamba mapadre wako wamegombana jana usiku kwa sababu ya hela ya kahawa. Parokia nzima haitalala.

Sisi neno hili tumelipata kwa Wareno, tukalichukua la kanisani, lile la nyumbani, pai, tukawaachia. Baba tulikuwa naye. Na huku milimani, kwenye Jimbo Katoliki la Mbinga lililoanzishwa mwaka 1986, padre haoi. Ila ukiteremka ziwani hadi Liuli, kwa Waanglikana, padri ana mke, na watoto wake wanamwita baba. Anayetaka kumwona padre wa Kihispania akiwa kamili, maana zote mbili ndani ya kanzu moja, apande gari la Mbamba Bay.

*

Meza nayo. Mreno na Mhispania wote wanaandika mesa, lakini Mreno hutamka meza na Mhispania hutamka s yake waziwazi. Z yetu ndiyo inayotoa siri: tuliketi na Mreno. Ingawa hata hapo mambo si manyoofu. Ngome ya Yesu pale Mombasa ilianza kujengwa mwaka 1593, na wakati huo Ureno ilikuwa chini ya Felipe wa Pili, mfalme wa Hispania. Sijui mafundi walikuwa wakimlaani kwa lugha ipi.

*

Wanaojifunza Kihispania wajihadhari na papa. El papa ni Baba Mtakatifu. El papá, kwa mkazo mwishoni, ni baba. La papa, kwa watu wa Amerika ya Kusini, ni kiazi. Wa kwetu mwenye meno hayumo kabisa, na Ziwa Nyasa pia hayumo, kwa hiyo watu wa Lituhi hawatapata shida.

*

Jumatano nimekutana tena na muuza maharage, nikamweleza maana ya fulana. Akainamisha kichwa, akajisoma kifuani taratibu, kichwa chini miguu juu. Kisha akaniuliza la mama linaandikwaje, maana mkewe naye huchagua mitumba. Nikamwandikia nyuma ya risiti ya mbolea: MADRE. Nikamwonya kwamba hata hilo Wahispania huwaitia masista.