Kishingo, Samaki wa Nyasa na Kazi Ambayo Hatujawatajia Watoto

Mtoto wa Madaba akifaulu vizuri biolojia, ukoo mzima huwa umeshaamua: atakuwa daktari. Alama zikipungua kidogo atakuwa mfamasia, nesi au mtu wa maabara. Zikipungua zaidi atakwenda ualimu. Walimu nao humpanga mchepuo wa PCB (fizikia, kemia na biolojia) au CBG (kemia, biolojia na jiografia) wakiwa na orodha hiyohiyo kichwani. Hatokei mtu wa kumwambia kwamba wapo watu ambao kazi yao ya maisha, ya kulipwa mshahara na kustaafia, ni kuchunguza jinsi seli moja tu ya mimba inavyojigawa hadi kuwa mwili wenye kichwa mbele, mgongo nyuma na mikono miwili iliyokaa mahali pake. Kazi hiyo ipo, na kwa maoni yangu hakuna swali katika elimu yote ya viumbe linalolizidi swali lake kwa ukubwa.

Ndiyo maana toleo hili lote tumelitoa kwa viinitete na jeni zinazoviongoza. Najua wapo watakaosema tumeacha mahindi na mbolea tukaenda mbali. Naomba wasome kwanza. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba sehemu kubwa ya mali ghafi ya elimu hii iko kwetu, uani na ziwani, na magonjwa yanayoisubiri yako majumbani mwetu. Tunachokosa ni watu wetu wenyewe waliofunzwa kuisoma.

Tuanze na kuku. Ni vigumu kupita kijiji chochote kati ya Gumbiro na Wino usikutane na kishingo, yule kuku wa shingo tupu anayesifiwa kwa kustahimili joto. Tumezoea kusema ndivyo alivyozaliwa, tukaishia hapo. Mwaka 2011 watafiti wa Edinburgh, akiwemo Denis Headon, walieleza alivyopata shingo hiyo. Kipande cha DNA cha kromosomu ya 1 kimepachikwa katika kromosomu ya 3, karibu na jeni inayotengeneza protini iitwayo BMP12. Kwa sababu ya kipande hicho, ngozi ya kiinitete hutoa protini hiyo kupita kiasi, na kazi ya protini hiyo ni kuzuia vinundu vya manyoya visianze kuota. Mbona basi kuku mzima hawi uchi? Kwa sababu ngozi ya shingo, tofauti na ile ya mgongoni, hutengeneza asidi itokanayo na vitamini A, na asidi hiyo huifanya ngozi ya hapo izidi kuitii BMP. Mgongo hustahimili, shingo hushindwa. Mambo yote hayo hutokea ndani ya yai, katika wiki mbili za mwanzo, kifaranga hata hajalidonoa ganda.

Hapo ndipo kiini cha elimu hii kilipo. Kila seli ya kishingo, iwe ya ini, ya jicho au ya ukucha, ina jeni zilezile zote. Kwa tofali zilezile fundi mmoja hujenga ghala na mwingine hujenga kanisa, na tofauti iko katika mpango wa ujenzi. Mwanabiolojia wa kiinitete huutafuta mpango huo: jeni ipi inawashwa wapi, saa ngapi, kwa amri ya nani, na nini hutokea amri ikikosewa.

Waliotufungulia njia hawakuanza na binadamu, walianza na inzi wa matunda, yule mdogo anayezunguka ndizi zilizoiva kupita kiasi. Edward Lewis alikaa miaka mingi California akifuga inzi wenye kasoro, wakiwemo wenye mbawa nne badala ya mbili, na mwaka 1978 aliandika kwamba jeni zinazoamua pingili ipi ya mwili iwe nini zimepangwa kwenye kromosomu kwa mfuatano uleule wa pingili zenyewe, kutoka mbele kwenda nyuma. Jeni za ukoo huo zimo ndani ya kuku na ndani yetu pia. Kuku wenye kishungi cha manyoya kichwani, ambao nao wamo vijijini mwetu, wamehusishwa na jeni mojawapo iitwayo HOXC8. Kwa kawaida jeni hiyo hufanya kazi kwenye ngozi ya kiwiliwili, lakini kwao imekutwa ikifanya kazi kwenye ngozi ya kichwa, na kichwa kikaota manyoya marefu kuliko yanavyostahili kuwa hapo.

Maisha ninayotaka vijana wetu wayasome kwa utulivu zaidi ni ya Christiane Nüsslein-Volhard. Alizaliwa Ujerumani mwaka 1942, katikati ya vita. Kwa maelezo yake mwenyewe hakuwa mwanafunzi wa kutajwa. Alisoma kwa bidii yale tu aliyoyapenda. Aliwahi kufikiria udaktari, akaenda kufanya kazi ya uuguzi hospitalini kwa mwezi mmoja ili ajipime, akatoka na hakika kwamba kazi hiyo si yake. Nauweka mwezi huo mbele ya kila mzazi anayesoma ukurasa huu. Angelazimishwa, Ujerumani ingepata daktari mmoja asiye na moyo na kazi, na dunia ingechelewa kupata alichokuja kukigundua.

Alianza biolojia, ikamchosha, akahamia biokemia Tübingen, akapata shahada ya uzamivu mwaka 1973 kwa utafiti usiohusu kiinitete hata kidogo. Alikuwa amekaribia umri wa miaka thelathini na mitatu alipokwenda Basel kujifunza inzi. Mwaka 1978 alipata nafasi Heidelberg, wakawa wawili katika maabara ndogo, yeye na Mmarekani Eric Wieschaus. Njia yao ilikuwa rahisi kuieleza na ngumu kuitenda: waliwapa inzi dawa ya kuharibu jeni ovyo, wakawazalisha kwa vizazi, kisha wakaketi pande mbili za hadubini moja yenye sehemu mbili za kutazamia, wakakagua viluwiluwi waliokufa mmoja baada ya mwingine kuona ni pingili zipi zimekosekana. Palipokosekana pingili, palikuwa na jeni iliyokuwa na kazi ya kuzijenga. Mwaka 1980 walichapisha jeni 15 za namna hiyo. Mojawapo waliipa jina la kalunguyeye, kwa sababu kiluwiluwi aliyeikosa alijaa vijimiba mwili mzima. Baadaye ndugu za jeni hiyo zilikutwa kwa wanyama wenye uti wa mgongo, zikiamua kidole gumba kiwe upande gani na ubongo ugawanyikeje pande mbili. Mwaka 1995 Lewis, Nüsslein-Volhard na Wieschaus walipewa Tuzo ya Nobeli ya tiba, watu watatu ambao hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuandika cheti cha dawa.

Jambo lingine la mama huyu linanigusa kuliko tuzo. Mwaka 2004 alianzisha mfuko unaowapa wanasayansi vijana wa kike wenye watoto fedha za kila mwezi kulipia msaidizi wa nyumbani na malezi, ili saa zao za maabara zisiliwe na vyombo na nguo. Hakuwapa hotuba za kuwatia moyo. Kwa mabinti wa kwetu wanaofaulu kidato cha sita halafu wakapotelea jikoni, huo ni msaada wa mtu anayejua tatizo liko wapi.

Sasa turudi nyumbani, maana mkoa huu una ziwa. Ziwa Nyasa lina samaki wa jamii ya sikilidi wa zaidi ya spishi 500, karibu wote hawapatikani kwingine kokote duniani, na wengi wao majike hubeba mayai na makinda mdomoni. Wavuvi wa Mbamba Bay na Liuli wanawajua kwa majina yao. Maabara za Ulaya na Marekani zinawajua kwa DNA. Mwaka 2005 Craig Albertson na wenzake walilinganisha spishi mbili za ziwa hilo: mmoja mwenye taya fupi nene la kukwangua mwani kwenye miamba, mwingine mwenye taya jembamba zaidi. Walikuta tofauti hiyo inaendana na jeni ya BMP4; wakaiongeza protini hiyo katika viinitete vya samaki mwingine wa maabara, na taya zao zikabadilika umbo. BMP4 ni ndugu wa BMP12 ya kishingo wetu. Familia moja ya protini huvua shingo ya kuku manyoya na kunenepesha taya la samaki, kutegemea imewashwa wapi na kwa kiasi gani. Nilipoliona hilo kwa mara ya kwanza nilishindwa kuketi.

Mwaka 2014 jeni zote za sikilidi watano wa Afrika zilichapishwa kwa pamoja, na mmoja wao, wa Ziwa Viktoria, anaitwa *Pundamilia nyererei*, kwa heshima ya Mwalimu. Mwaka uliofuata dunia ilisoma habari za ziwa dogo la kreta la Kisiba, wilayani Rungwe, ambako spishi moja ya samaki inagawanyika kuwa mbili, mmoja wa kina kifupi na mwingine wa kina kirefu. Kati ya waandishi wa utafiti huo alikuwemo Benjamin Ngatunga wa Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania (TAFIRI). Jina lake ni ushahidi kwamba Mtanzania anaweza kusimama ndani ya kazi hiyo na asiishie kuwa mwenye mtumbwi. Ila jina moja halitoshi. Samaki wanatoka kwetu wakiwa hai ndani ya mifuko ya maji, na elimu yao inarudi, ikirudi, kwa lugha ambayo mvuvi wa Liuli hawezi kuisoma.

Wapo watakaouliza haya yatamsaidia nini mama mjamzito wa Mahanje. Yatamsaidia sana, na hapa ndipo nisipoweza kuandika kwa upole. Neva za mgongo wa binadamu huanza kama bamba bapa linalojikunja kuwa mrija, na mrija huo huwa umefunga kufikia siku ya 28 hivi tangu mimba kutungwa. Usipofunga, mtoto huzaliwa na mgongo wazi, na mara nyingi kichwa kikubwa hufuata kwa kujaa maji. Upungufu wa asidi ya foliki kwa mama huongeza hatari hiyo. Kliniki zetu hutoa vidonge vyenye foliki mama anapohudhuria mara ya kwanza, na wengi huhudhuria mimba ikiwa na miezi mitatu, minne. Kwa mrija ule, ni kuchelewa. Unga wa viwandani hutakiwa kuongezwa foliki tangu kanuni za mwaka 2011, lakini mahindi ya Madaba husagwa kwenye mashine ya kijijini na kupikwa hivyohivyo. Mzazi anayekwenda na mtoto wake Taasisi ya Mifupa (MOI), Muhimbili, kwa upasuaji, analipia kwa nauli na machozi kitu kilichoharibika kabla hajajua ana mimba. Mtu aliyesoma kiinitete anaijua siku ya 28, na anajua ujumbe uwafikie wasichana lini.

Sikoseli ni mfano mwingine. Mtoto mwenye sikoseli huzaliwa akiwa salama na hukaa miezi kadhaa bila maumivu, kwa sababu tumboni alitumia himoglobini ya kijusi, ambayo haina kasoro ya ugonjwa huo. Kisha jeni iitwayo BCL11A huizima himoglobini ile, ya utu uzima inachukua nafasi, na ugonjwa unaanza. Kwa baadhi ya watu kuzima huko hakukamiliki, na kwao ugonjwa huwa mwepesi zaidi. Pale Muhimbili, katika kazi iliyojengwa na Profesa Julie Makani na wenzake tangu mwaka 2004, mwanajenetiki Siana Nkya alichunguza wagonjwa zaidi ya 1,000 wa Kitanzania kutafuta jeni zinazoamua himoglobini ya kijusi ibaki kwa kiasi gani, na matokeo yakachapishwa mwaka 2014. Hilo ni swali la kiinitete lililoulizwa Dar es Salaam, juu ya damu ya Watanzania, na Mtanzania. Mwishoni mwa mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba inayoikata amri ya BCL11A ndani ya seli za damu. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Tusipokuwa na wataalamu wetu wa kuitafutia njia ya bei nafuu, tutaisoma magazetini tu.

Kuhusu vifaa, Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kampala, tawi la Ishaka, magharibi mwa Uganda, kilianza kuwa na mafunzo ya utafiti wa inzi wa matunda kwa wanasayansi wa Afrika mwanzoni mwa miaka ya 2010, kwa sababu inzi hula kidogo na hukua kwa siku kumi hivi. Inzi huyo, kwa ushahidi uliopo, asili yake ni misitu ya miombo ya Zambia na Zimbabwe, iliyo sawa na ya kwetu, alikokula matunda ya mng'ongo kabla hajafuata watu duniani kote. Na shule isiyoweza hata inzi ina mayai. Yai lililoatamiwa siku tatu, likifunguliwa taratibu upande wa juu, huonyesha moyo ukidunda kwa macho matupu. Maelekezo yako ukurasa wa kati, pamoja na namna ya kupima mayai kwa tochi na sababu za kutovuka wiki ya kwanza.

Tunaziomba shule za sekondari za Madaba zifanye jaribio hilo muhula huu na zitutumie michoro ya wanafunzi. Itakayofika tutaichapa, na ya shule zenye kishingo bandani tutaipa kurasa mbili. Halmashauri tunaiomba jambo moja: katika fedha za kuwasomesha vijana wetu wa sayansi, nafasi moja kila mwaka itengwe kwa anayekwenda kusoma biolojia yenyewe, jenetiki au zuolojia, na asiulizwe kwa nini hakuchagua udaktari.